Mdogo wangu alikufa akiwa ameshaacha unga (heroini), huu ndio wasifu wake ambao haukusomwa msibani

dada wa Busokelo (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu asije akaniambia nifupishe, maana kufupishwa ndio kulikonileta hapa. Mdogo wangu tulimzika mwaka 2023 kijijini kwetu Rungwe. Siku ya mazishi mzee wa ukoo alisimama akasoma wasifu wa marehemu, kazaliwa mwaka fulani, kasoma shule fulani, alikuwa mfanyabiashara, "aliugua ghafla na mauti yakamkuta nyumbani", ameacha mama na ndugu, Bwana alitoa Bwana ametwaa. Basi. Karatasi haikujaa hata upande mmoja. Siwalaumu wazee, walikuwa wanamsitiri mama, na mimi nilikuwa nimekaa na wanawake ndani nasikiliza. Ila toka siku ile kila nikikaa peke yangu nakuta naendelea kusoma ile karatasi kichwani, nasoma yale ambayo hayakuandikwa. Leo naandika. Jina lake siweki, mama yupo hai anauza viazi na ndizi sokoni Soweto na watu wanamjua.

Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa na mikono. Kitu kikiharibika nyumbani hakitupwi mpaka yeye akione kwanza, pasi, redio, zipu ya begi la shule, mwamvuli. Kanisani Moravian alikuwa anapiga dramu kwaya ya vijana, na mahubiri yakirefuka unamwona anagonga zile fimbo kwenye goti taratibu bila sauti anasubiri zamu yao, mama anamkata jicho na yeye anacheka kwa macho tu mdomo kaufunga. Form four matokeo hayakuwa mazuri, akaja Mbeya mjini, akaanza kwa kubeba mabelo ya mitumba ya watu, baadae akapata meza yake mwenyewe soko la Sido pale Mwanjelwa, akawa anauza jinzi.

Hapa kwenye jinzi naomba mnivumilie maana ndipo nilipomwona akiwa mtu mzima kwa mara ya kwanza. Wenzie belo likifunguliwa wanagombania gredi ya kwanza, yeye alikuwa anasubiri zile zenye zipu mbovu na zilizopungua kifungo, zinazouzwa bei ya kutupa. Alikuwa na kopo la Blue Band limejaa vifungo vya jinzi, vya shaba, vya chuma, vyenye maandishi na visivyo na maandishi, kavitenga kwa ukubwa kwenye vifuko vya nailoni. Anakaa chini anachagua kile kinachofanana kabisa na vilivyobaki kwenye nguo, anakigongea, anapaka nta ya mshumaa kwenye zipu iteleze, ananyunyiza maji kwa mdomo afu anapiga pasi ya mkaa mpaka ule mshono wa mguuni unasimama. Jinzi aliyoichukua buku mbili inaondoka kumi na mbili. Na mteja akirudi kulalamika anamtengenezea bure palepale, hana maneno. Wadada wa chuo walikuwa wanakuja na jinzi zao za nyumbani awabadilishie zipu. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo, analipa kodi ya chumba Ilomba, anamtumia mama hela ya mbolea.

Sido ikaungua. Agosti 2017, usiku, waliokuwa Mbeya mwaka ule wanakumbuka, vibanda vingi vilikuwa vya mbao na moto haukuacha kitu. Mzigo wake wote ulikuwa mle na nusu ulikuwa wa mkopo. Hakulia wala hakulewa, alikaa kama wiki hasemi, afu akaanza kutafuta kazi. Dereva mmoja mtaani akamchukua utingo, malori ya Dar kwenda Zambia na Kongo. Mnaoijua hii njia mnajua, mnapanda Kitonga usiku, Makambako, Igawa, Uyole, mnapita Iwambi na Senjele mnaomba Mungu breki zishike, mkifika Tunduma mnakuta foleni ya malori haina mwisho na mnakaa siku na siku. Dereva analala kwenye kebini. Tingo halali, maana dizeli ikinyonywa au turubai likichanwa usiku ni juu yake, na baridi ya kule mwezi wa sita na wa saba inaingia kwenye mifupa.

Pale Tunduma ndipo alipokutana na kokteli, bangi iliyochanganywa na unga. Alinisimulia mwenyewe baadae akiwa na akili zake timamu. Mwanzo hakujua kuna kitu zaidi ya bangi, alichojua ni kwamba akivuta baridi haisikiki na usiku unaisha. Alikuja kujua alipopewa mapumziko akarudi kwa mama, siku ya pili makamasi yanamwagika, miayo haiishi, mifupa inauma, tumbo linakata, jasho na baridi kwa wakati mmoja. Akapimwa malaria, hakuna. Akampigia tingo mwenzie, yule akacheka akamwambia hiyo arosto hiyo, rudi kazini utapona. Na kweli alivyorudi akapona, na ndipo alipoelewa kilichompata.

Miaka iliyofuata sitaisimulia sana, anayeijua anaijua. Kazi ya lori iliisha. Kokteli ikaisha utamu ikawa kete, yaani vipakiti vya unga mtupu, kuvuta ikawa kujidunga. Aliuza mtungi wa gesi wa mama, akauza debe za mahindi, akauza mpaka pasi yake ya mkaa. Alikonda. Akawa anakaa maskani na wenzie, mchana anasukuma mikokoteni apate hela ya kete, sio ya stimu tena, ya kuzuia arosto tu. Nataka hilo lieleweke maana watu wanadhani teja anakula raha. Mdogo wangu miaka yake ya mwisho ya unga hakuwa na raha yoyote, alikuwa anatafuta asiumwe.

Mwaka 2022 mwishoni mjomba akauza ng'ombe wa maziwa, tukachanga, akapelekwa soba hausi, nyumba ya kuwasaidia watu kuacha unga, nje ya mkoa. Alikaa miezi. Nilienda kumtembelea nikamkuta kanenepa mashavu, anaongea, anauliza habari za watu kwa majina. Pale ndipo aliponisimulia yote haya. Aliniambia kitu kingine, kwamba usingizi ndio ulikuwa haujarudi, mwili umepona lakini usiku anakesha macho kodo, na wenzie wengi mle walikuwa hivyo hivyo.

Alirudi Mbeya 2023, kipindi mvua zinaelekea kuisha. Kanisani wakampokea vizuri, hakupiga dramu ila alikaa na wanakwaya. Akapata kibarua kwenye fremu moja Kabwe, kutengeneza na kunyoosha nguo za mitumba, akanunua pasi nyingine. Mama alianza kuimba tena jikoni. Mwisho wa mwezi akalipwa, jioni yake akakutana na mtu waliyekuwa nae kwenye malori. Sijui waliongea nini na sitaki kumtungia. Alirudi saa tatu usiku, kamsalimia mama vizuri, kampa hela ya sukari na ya mchele, kaingia kulala.

Mama anasema kama saa tano hivi akasikia anakoroma. Koromo zito, la kuvuta, linakatika, linarudi. Na mama, ambaye kila usiku alikuwa anamsikia akigeuka geuka kitandani mpaka alfajiri, alipiga magoti akamshukuru Mungu kwamba leo mwanangu kapata usingizi. Akamfunika blanketi la pili sababu ya baridi. Asubuhi akachemsha chai, akaenda kumwamsha.

Hospitali walituambia ukweli. Dozi aliyotumia ilikuwa ile ile aliyozoea zamani. Mwili wake haukuwa ule wa zamani.

Kwa hiyo wasifu wake ndio huo. Hakufa kwa sababu alishindwa kuacha. Alikuwa ameacha, kwa jasho lake, na alikuwa anafanya kazi, na kilichomuua ni kitu ambacho hakuna mtu alitwambia, si kule alikotoka wala huku alikorudi. Mama hakuwa na namna ya kujua, ndio maana naandika hadharani.

nesi wa nyanda

Pole sana dada. Nimesoma mpaka mwisho nikarudia. Naomba nifafanue hapo kwenye dozi maana ndio kiini cha uzi wako, naongea kama nesi tu sio kwa niaba ya hospitali yoyote.

Unga ni jamii moja na mofini. Unatuliza maumivu lakini pia unaituliza ile sehemu ya ubongo inayoamrisha mapafu yapumue. Anayetumia kila siku mwili wake unazoea, ndio maana anaongeza na kuongeza na anaendelea kuishi kwa kiwango ambacho kingemuua mtu mwingine. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia, yale mazoea yanaondoka. Kichwa kinakumbuka kete tatu lakini mwili ni wa mtu anayeanza leo. Ndio maana wengi wanakufa wakitoka jela, wiki mbili za mwanzo ni mbaya kupita kiasi, na wakitoka soba hausi, na hata wakitoka kulazwa wodini kwa ugonjwa mwingine. Pombe au vidonge vya usingizi kama valiamu vikiongezwa juu yake hatari inazidi.

Na lile koromo. Wakuu naomba mlishike. Mtu aliyezidisha unga mara nyingi anakoroma hivyo hivyo alivyoeleza dada, koromo zito kama la kugugumia, linakatika. Hapo anakosa hewa. Mwite kwa nguvu, sugua mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole mpaka aumie. Mtu aliyelala ataamka akutukane. Asipoamka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu, midomo na kucha zimebadilika rangi, kwa ngozi zetu zinakuwa kama kijivu, pumzi inakuja kwa kuchelewa, huyo ni wa kukimbizwa hospitali muda huo huo. Wakati mnatafuta gari mlazeni ubavu asipaliwe na matapishi, na kama hapumui mpulizieni pumzi mdomoni. Msimpe maziwa, msimpe maji ya chumvi, msimmwagie maji ya baridi mkamwacha, hayo yote yanapoteza muda na yanaweza kumpalia.

Kuna dawa inaitwa naloksoni, ni sindano, inaondoa unga kwenye ubongo ndani ya dakika chache mtu anavuta pumzi anakaa. Ila inaisha mwilini mapema kuliko unga wenyewe, kwa hiyo akiamka asiondoke, abaki chini ya uangalizi maana anaweza kuzama tena. Na mkifika mapokezi semeni wazi ametumia unga. Wengi wanasema ana malaria, ana kifafa, kwa kuogopa polisi, na dakika zinaenda.

fundi bajaji Mafiat

Poleni kwa msiba lakini tuseme ukweli, hawa watu wametutesa. Mimi nimeibiwa betri ya bajaji mara mbili, najua waliofanya ni mateja wa maskani, na siku ukimkamata anakuangalia kama hajakufanya kitu. Mnawaombea huruma nyie ambao hamjaibiwa. Wengine tunalisha familia kwa hizo betri.

dada wa Busokelo

Fundi, umeibiwa na una haki ya kuwa na hasira. Mdogo wangu aliiba, nimeandika hapo juu na sijaficha, aliiba kwa mama yake mzazi na nina uhakika aliiba na kwa wengine ambao sisi hatuwajui. Mama alilipa deni la jirani mmoja kwa viazi, kidogo kidogo mpaka likaisha. Sikuombi umwonee huruma aliyekuibia. Nachokwambia ni kwamba yule aliyekaa soba hausi akarudi na kushika pasi Kabwe alikuwa anaelekea kuwa mtu ambaye hakuibii tena, na angebaki hai angelipa, alishaanza kuandika majina ya anaowadai na wanaomdai kwenye daftari. Daftari tunalo, na hayo madeni mjomba na mimi tunayalipa. Kama na wewe umo niandikie inboksi.

tingo mstaafu

Dada mimi nimefanya hiyo kazi, Dar Tunduma Lubumbashi, miaka mingi. Uliyosema ya Tunduma ni kweli tupu. Watu wanadhani unga ni mambo ya Kinondoni na Zanzibar, hawajui kwamba mzigo ukitoka huko Afghanistan ukashushwa pwani yetu sehemu yake inaenda kusini kwa barabara hii hii mnayopita na kosta kwenda Tunduma, na unapopita lazima kingine kinabaki njiani, wanalipwa watu kwa mzigo badala ya hela nao wanauza rejareja kwenye maegesho. Tingo ndio mteja wa kwanza. Hana bima, hana mkataba, hana pa kulala, posho anapewa na dereva akijisikia.

Sisi tulikuwa watingo kama saba tunaojuana kwa karibu kwenye magari ya tajiri mmoja. Wawili walishazikwa kwa habari hii na nyumbani kwao wote wawili waliambiwa presha. Kijana wa miaka ishirini na nne, presha! Nilikuwepo msibani nikala wali nikarudi nikalala, kila mtu anajua na hakuna anayesema.

mnywa dozi

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi nipo hapa hapa Mbeya, nakunywa methadoni, dawa ya kututibu sisi wa unga, pale kliniki ya Hospitali ya Rufaa. Kliniki hii ilianza 2017, ya kwanza kabisa nchini ilikuwa ya Muhimbili mwaka 2011. Nimekula unga toka enzi za viroba, kabla havijapigwa marufuku.

Naeleza maana wengi wananiuliza. Unaenda kila siku, Jumapili, Krismasi, Eid, mvua inyeshe. Ni dawa ya maji, bure, unakunywa mbele ya mhudumu halafu unaongea neno waone umemeza. Haikupi stimu, inaondoa arosto, unakaa siku nzima kama mtu. Wanakupima UKIMWI, kifua kikuu, homa ya ini. Tatizo kubwa sio dawa, ni nauli. Anayetoka Mbalizi au Uyole hana kazi, kwenda na kurudi kila siku atatoa wapi? Wengi wanaoacha dozi wanaishia hapo kwenye nauli, ndugu zao wanasema karudia ujinga. Ukitaka kumsaidia ndugu yako anayekunywa dozi mlipie bajaji, usimpe hela mkononi, elewana na dereva.

Nampa pole mama. Mwambie lile koromo hata sisi wenyewe maskani tulikuwa tunalisikia tunasema "mwache ameshiba stimu". Nimeshuhudia mtu anakufa katikati yetu tunapiga stori.

nesi wa nyanda

Nyongeza kwa anayetumia methadoni. Ukianzishiwa dawa za kifua kikuu waambie kliniki siku hiyo hiyo, kuna dawa ya TB inaitwa rifampisini inaishusha nguvu methadoni mwilini, unaanza kusikia arosto unadhani dawa imechakachuliwa, unarudi kwenye kete. Wataurekebisha tu ujazo. Na aliyekwisha kuacha kabisa haanzi kunywa methadoni ya mwenzie eti kujikinga, inaweza kumuua kwa sababu zile zile.

Mnyalu

Nipo Iringa. Kwetu kilio zaidi ni pombe, kuanzia ulanzi wa masika mpaka hizo za viwandani, kaka yangu kaondoka kwa ini akiwa na thelathini na moja. Msibani walisema "ini" wakaishia hapo, kama vile ini liliamka asubuhi likaamua. Dada nimekuelewa. Nitakaa na mama yangu tuandike wa kwake.

Mama wa Njombe

Shikamooni walio wakubwa. Mimi sijui sana kuandika kwenye haya mambo, mwanangu wa kike ndio ananisaidia. Nina kijana wangu yupo soba hausi anatoka Jumamosi hii. Nimesoma nikatetemeka. Nimemwandalia chumba, baba yake amesema atampa mtaji wa nguruwe hapo hapo akifika ajishughulishe. Nifanyeje, nimwambie haya au nitakuwa namfundisha? Naogopa nikimtajia unga atakumbuka.

mnywa dozi

Mama shikamoo. Hatakumbuka kwa sababu umetaja, hajasahau. Sisi hatusahau hata siku moja. Mwambie. Tena mwambie na hili, siku akiteleza, namuombea asiteleze, asitumie peke yake chumba kimefungwa, na asitumie kama zamani. Najua inaonekana kama unamruhusu. Humruhusu, unataka akiteleza awe hai kesho umkemee.

dada wa Busokelo

Mama marahaba wewe ndio wa kuamkiwa, shikamoo. Nakuandikia kile ambacho mimi ningependa mama yangu aandikiwe.

Jumamosi nenda mwenyewe ukampokee, asirudi peke yake na basi akapitia stendi. Uliza pale soba hausi kabla hamjaondoka, mbele yake, kwamba mwanangu akirudia kiwango cha zamani itakuwaje, wajibu yeye akisikia, itakuwa rahisi kuliko kuanza mazungumzo nyumbani. Mtaji wa nguruwe ni mzuri sana ila mwambie baba yake asimkabidhi hela taslimu wiki ya kwanza. Nunueni nguruwe, jengeni banda pamoja nae, hela ije baadae. Kwetu shida haikuwa kibarua, kibarua kilimpa uso. Ilikuwa ile jioni ya mshahara.

Usingizi wake utasumbua, usishangae, na usimpe vidonge vya usingizi vya dukani. Akikesha kesha nae siku mojamoja, pigeni stori, pikeni chai. Mtoto wa kike anayekusaidia kuandika asome alichoandika nesi hapo juu mpaka akijue kwa kichwa, na kila mtu anayelala nyumba hiyo akijue, hata wadogo. Namba ya dereva jirani mwenye gari muwe nayo kwenye simu zote. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba ya bure 119, pigeni muulize huduma iliyo karibu na nyie, msisubiri mpaka kiharibike ndio mtafute.

Na usiku ukisikia anakoroma, ingia. Hata kama ataona unamchunga kama mtoto, hata kama atanuna wiki nzima. Ingia umwite jina mpaka akujibu.

Nesi na mnywa dozi ndaga fijo, asanteni sana, naomba msiondoke kwenye huu uzi. Kesho nashuka shambani mtandao hauna uhakika kule, mama wa Njombe akirudi na swali lolote kabla ya Jumamosi mjibuni, msimsubirishe mpaka mimi nirudi.